Kabla ya Kununua Kisu Kipya, Tafuta Kinoo Chema

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii tunaitumia kila siku kwa mambo makubwa: vyeo, fedha na nguvu za dola. Lakini hebu, ndugu msomaji, tuirudishe leo jikoni. Vuta mtoto wa meza nyumbani kwako, uhesabu visu vilivyomo. Yamkini utakuta vitatu au vinne, na vyote ni butu. Kimoja huponda nyanya badala ya kuikata. Kingine huteleza juu ya kitunguu kikaishia kidoleni. Cha tatu kimekuwa cha kufungulia makopo. Mwisho wa mwezi hununuliwa kipya, nacho baada ya majuma machache huenda kulala pamoja na wenzake. Tunanunua visu kama tununuavyo viberiti.

Hoja yangu ni fupi. Nyumba nyingi za mijini hazina upungufu wa visu. Zilichopungukiwa ni kinoo, yaani jiwe la kunolea, pamoja na mtu anayejua kulichagua. Jiwe jema likiwa katika nyumba yenye mkono mtulivu litakitunza kisu kimoja miaka mingi. Jiwe baya, au gurudumu la haraka, litakila kisu hicho hicho kabla hujakizoea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya kisu kipya, yatupasa kwanza tuulize habari za jiwe.

Mifano yangu nitaitoa katika nchi ya Karatu na Ngorongoro, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huko kisu kidogo cha mfukoni bado kina kazi kutwa nzima. Ya pili ni kwamba katika nchi yetu hii hapajulikani mahali ambapo kazi ya kuchagua mawe ni ya kale kuliko huko.

KISU CHENYE KAZI

Msafiri atokaye Arusha hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha huingia katika udongo mwekundu wa Karatu, nchi ya mahindi, maharage, mbaazi na ngano. Akizidi kupanda hufika lango la Ngorongoro na nyanda za wafugaji. Akiteremka upande wa kusini-magharibi hufika Mang'ola na Ziwa Eyasi, ambako vitunguu hustawishwa kwa maji ya chemchemi.

Siku ya mnada utawaona hapo Karatu Wairaqw, Wamasai, Wadatoga na wafanyabiashara wa kila kabila. Mahali panapobanikwa nyama ya mbuzi, mzee hangoji kuletewa kisu. Hutia mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, akakifuta kwa kidole gumba na kuanza kukata. Kisu hicho ndicho asubuhi kilichokata kamba ya ndama, kikachonga fimbo, kikatoa mwiba katika kwato. Huko Mang'ola, vitunguu vikisha kung'olewa, majani na mizizi yake hukatwa kwa kisu, kimoja kimoja, tangu alfajiri mpaka jua kali. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa kisu butu huumia kifundo cha mkono kabla ya adhuhuri.

Kisu cha kukunja kinachojulikana mno barani mwetu ni kile chenye chapa ya Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, wakati ambapo Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya utawala huo. Mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti na bapa lake ni la chuma cha kaboni. Chuma hicho hushika kutu upesi kisipofutwa, lakini kina sifa moja kubwa: hunoleka kwa urahisi, na mtu asiye fundi anaweza kukirudishia makali kwa dakika chache.

Kando ya Ziwa Eyasi wapo pia wahunzi wa Kidatoga, ambao hufua misumari ikawa vichwa vya mishale, wakabadilishana na Wahadzabe kwa asali. Kazi hiyo yatufundisha jambo moja la kukumbuka tunapochagua jiwe. Chuma laini kama cha msumari hupokea makali kutoka karibu jiwe lolote, lakini makali hayo hayakai. Chuma kigumu, kama kile cha springi ya gari ambacho wahunzi wengi hukitumia kufulia sime na visu, makali yake hudumu, ila chahitaji jiwe linalokishinda kwa ugumu. Mtu hawezi kuchagua jiwe pasipo kujua chuma chake.

WALIOTUTANGULIA KUCHAGUA

Ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro lipo Bonde la Oldupai, lililopewa jina la katani-mwitu kwa lugha ya Kimasai. Hapo ndipo Mary Leakey alipoligundua fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Katika tabaka hizo za udongo, zenye umri wa karibu miaka milioni 1 na laki 8, zimekutwa zana za mawe kwa maelfu. Watafiti walipozichunguza waliona kwamba viumbe wale wa kale hawakuokota jiwe lolote lililokuwa karibu. Kwa zana nzito za kupondea na kukatia kwa nguvu walipendelea mawe ya volkano, ambayo ni magumu kuvunjika. Kwa vipande vyembamba vya kuchunia ngozi na kukatia nyama walitumia sana kwazaiti, jiwe jeupe kutoka kilima cha Naibor Soit kilicho kilometa chache tu kutoka hapo. Jina la kilima hicho kwa Kimasai lina maana ya mawe meupe.

Nalileta jambo hili, ndugu msomaji, kwa sababu lina somo ambalo wengi hulikosa. Kwazaiti ya Naibor Soit ilikuwa kisu bora, kwani ikipasuka hutoa ukingo mkali wa kukata ngozi ya mnyama. Lakini mtu akiichukua leo ili anolee kisu cha chuma, haitamfaa sana. Chembe zake ni kubwa, zimeshikamana kama zilizoyeyushwa pamoja, na hazing'oki kupisha chembe mpya. Baada ya muda mfupi uso wake huwa mtelezi na chuma huteleza juu yake. Basi jiwe lililofaa kuwa kisu halilazimiki kufaa kunoa kisu. Uzuri wa jiwe hupimwa kwa kazi uliyolikusudia.

Hapo hapo niongeze onyo. Mtu yeyote anayetembelea Oldupai asiokote jiwe hata moja ili kulipeleka nyumbani, liwe la kunolea au la ukumbusho. Mali za kale zinalindwa kwa sheria ya mwaka 1964, na jiwe uliloliona kuwa kokoto huenda likawa ukurasa wa historia ya binadamu.

JIWE LIPIMWE VIPI?

Kunoa ni kukwaruza. Chembe za jiwe huchimba mifereji midogo mno katika chuma mpaka pande mbili za bapa zikutane katika mstari mmoja mwembamba, na mstari huo ndio tunaouita makali. Kutokana na ukweli huu hupatikana vipimo vinne, na mtu akivishika hatadanganywa na muuzaji.

Kipimo cha kwanza ni ugumu. Mwaka 1812 mtaalamu wa Kijerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa daraja 10, kila moja likiweza kukwaruza lililo chini yake. La mwisho ni almasi, kama zile za Mwadui. Kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5. Chuma cha kisu kilichokomazwa kiko kati ya 5.5 na 6.5. Chembe za mchanga mweupe, yaani kwazi, ziko 7. Kwa hiyo jiwe la kunolea lazima liwe na chembe za daraja la 7 au zaidi. Chukua chupa tupu na ulisugue jiwe juu yake. Likiteleza bila kuacha mkwaruzo, liache, halitakiweza kisu. Likikwaruza, endelea na vipimo vingine, kwa maana kukwaruza chupa peke yake hakutoshi.

Hapa ndipo mawe mengi ya Karatu yanaposhindwa. Nchi ile ni ya volkano, na mawe yake meusi yana madini ya daraja la 5 na la 6, sawa na chuma chenyewe. Tena mengi yana vitundu vilivyoachwa na hewa ya moto, navyo hunasa ncha ya kisu. Lile jiwe jepesi la kusugulia visigino, ambalo nalo huzaliwa na volkano, ni baya zaidi kwa kisu: linamomonyoka kabla chuma hakijaguswa.

Kipimo cha pili ni chembe. Pitisha ukucha polepole juu ya uso wa jiwe. Katika jiwe jema utasikia mkwaruzo wa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama mahali pamoja, hapo pana chembe kubwa iliyojificha, nayo itapasua makali kila mara kisu kipitapo. Hii ndiyo sababu ngazi ya saruji, ambayo wengi wetu tumezoea kunolea nyuma ya nyumba, si kinoo. Saruji ina mchanga wa kila ukubwa. Inakwaruza, ni kweli, na kisu kitakata siku hiyo; lakini ukikitazama kwenye mwanga utaona meno meno kama ya msumeno uliochakaa.

Kipimo cha tatu ni unyofu wa uso. Weka rula au ukingo wa kitabu chenye jalada gumu juu ya jiwe, ulitazame kwenye dirisha. Mwanga ukipita katikati, jiwe limebonyea, na kisu kilichonyooka hakiwezi kupata makali yaliyonyooka juu ya jiwe lililobonyea. Kasoro hii hutibika. Mwaga mchanga laini na maji juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, ulisugue jiwe kwa mizunguko mpaka litengemae, au utumie msasa uliotandazwa juu ya kioo kinene.

Kipimo cha nne ni ukubwa. Kwa kunoa mezani, jiwe la urefu wa sentimita 15 hadi 20 na upana wa sentimita 5 latosha. Kwa mchungaji au dereva, jiwe la urefu wa kidole linaweza kukaa mfukoni, ila anolaye lazima alishike jiwe mkono mmoja na kisu mkono wa pili, na kazi hiyo yataka uzoefu.

Mzee mmoja wa Kiiraqw, jirani wa jamaa zangu pale Karatu, anacho kinoo ambacho kingefaulu vipimo vyote hivi. Nilipompa shikamoo na kumwomba anionyeshe, alitoa nyuma ya mlango kipande cha jiwe la kusagia mtama la marehemu mama yake. Upande wa juu umebonyea kwa miaka ya kusaga. Yeye hunolea upande wa chini, ulio sawa. Alinieleza kwamba aliposikia vijana wanataka kulitupa baada ya kuja kwa mashine ya kusaga, alilivunja akabaki na kipande hiki, kwani alijua chembe zake zina usawa. Huyo hakusoma habari za Mohs, lakini alilijua jiwe lake kama mkulima ajuavyo udongo.

MAWE YA DUKANI

Mkazi wa mjini hana jiwe la kusagia la bibi yake. Yeye ataingia dukani, na humo atakuta mawe ya aina tatu.

La kwanza na la bei nafuu ni lile la rangi ya kijivu-nyeusi, lenye pande mbili, moja ya kukwaruza na moja laini. Hilo kwa kawaida ni la kaborandamu. Alilipata Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 alipokuwa akijaribu kutengeneza almasi. Leo hutengenezwa kwa kuchoma mchanga pamoja na makaa katika tanuri la umeme. Ugumu wake unapita 9. Hula chuma kwa haraka, kwa hiyo lafaa kwa kisu kilichopasuka makali au kilichokuwa butu kabisa. Kwa kisu kidogo cha kukunja litumie kwa kiasi.

La pili ni jiwe la oksidi ya alumini, aghalabu la rangi nyeupe, kahawia au nyekundu-nyekundu. Nalo lina ugumu wa karibu 9, lakini hukwaruza kwa upole zaidi na huacha makali laini. Kama uwezo wako ni wa kununua jiwe moja tu la kutunzia kisu cha kila siku, chagua hili.

La tatu ni bamba la chuma lililopakwa vumbi la almasi ya viwandani. Hili halibonyei, wala halihitaji kusawazishwa, na hushinda chuma cha kila aina, hata kile kisichoshika kutu chenye kromiamu nyingi. Kasoro yake ni kwamba mabamba ya bei rahisi hupukutika vumbi hilo mapema, na mkono mzito huyaharibu.

Juu ya mawe mengi huandikwa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo jiwe linavyokuwa laini. Namba za nchi moja hazilingani sawasawa na za nchi nyingine, lakini kwa matumizi ya nyumbani shika hivi: karibu 400 kwa kutengeneza kisu kilichoharibika, karibu 1000 kwa kunoa kwa kawaida. Zaidi ya hapo ni anasa ya wapendao kujitazama ndani ya bapa. Ziko nchi ambazo mawe ya asili yamekuwa biashara kubwa: Wamarekani wanachimba yao Arkansas, Wabelgiji wana jiwe la manjano lenye chembe za ganeti, na Wajapani wana mawe yao ya kunolewa kwa maji. Yote ni mazuri, na bei zake ni kubwa. Nyanya haijui jiwe limetoka wapi.

Na kama leo huna hata shilingi ya jiwe, geuza kikombe cha kauri. Pale chini, kwenye duara lisilopakwa rangi ya kung'aa, pana ukingo mkavu wenye mkwaruzo laini. Hunoa kisu kidogo vizuri kuliko ngazi ya saruji.

MAJI, MAFUTA NA GURUDUMU

Jiwe lisitumike kavu. Maji huzoa unga wa chuma na wa jiwe ili chembe zisizibe. Wakitumiao mafuta watumie yaliyo mepesi, kama ya cherehani. Mafuta ya kupikia yaachwe jikoni, kwa maana yakikaa hugeuka ulimbo na kulifunga jiwe. Tena jiwe lililokwisha kunywa mafuta halitapokea maji vizuri. Amua mapema na ushike njia moja.

Maji yana faida nyingine ya afya. Katika mji wa Sheffield huko Uingereza, katika karne ya 19, wafanyakazi waliokuwa wakinoa visu na nyuma juu ya magurudumu makavu ya mawe walikufa vijana kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi. Visu vyao viliuzwa duniani kote, na mapafu yao yakabaki na mchanga. Mtu anoaye kisu kimoja nyumbani hayumo katika hatari kubwa kama hiyo, lakini hana sababu ya kupuliza vumbi usoni mwa mtoto wake wakati kikombe kimoja cha maji chatosha.

Sasa nifike kwa gurudumu. Sote twawajua vijana wapitao mitaani na baiskeli zilizofungwa jiwe la kuzunguka. Wanafanya kazi halali, na kwa panga au jembe msaada wao ni mkubwa. Kwa kisu chembamba cha kukunja, gurudumu kavu lina hatari mbili. Hula chuma kingi kwa dakika moja kuliko mkono unavyokula kwa miezi. Pili, hukipasha moto. Makali yakigeuka rangi ya majani makavu, joto limefika karibu nyuzi 200. Yakigeuka buluu, limekaribia nyuzi 300, na ukomavu aliotia mhunzi au kiwanda umekwisha kupotea mahali hapo. Shangazi yangu alimpa mnoaji mmoja wa mtaani kisu cha marehemu mumewe. Kilirudi kiking'aa, chenye alama ya buluu kwenye ncha. Tangu siku hiyo, sehemu ile haikushika makali zaidi ya siku mbili. Kisu kile kilikuwa kimemlisha mwenyewe na wanawe miaka mingi. Dakika tatu zilitosha kukizeesha.

KUNOA KWENYEWE

Jiwe likisha kupatikana, kazi iliyobaki ni ya mkono, na mkono hufundishika. Weka kitambaa chenye unyevu chini ya jiwe lisiteleze. Kisu cha kukunja kifunguliwe mpaka mwisho; kama hakina kufuli, vidole visipite njia ya bapa, kwani kinaweza kujifunga ghafla. Ukiinue mgongo wake kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Ukitaka kuiona pembe hiyo, chukua kona ya karatasi, uikunje mara moja upate nyuzi 45, uikunje tena upate 22 na nusu. Kwa bapa la upana wa sentimita 2, mgongo huinuka kiasi cha unene wa penseli.

Sukuma kisu mbele kana kwamba wataka kuparua ngozi nyembamba ya jiwe, ukianzia karibu na mpini na kuishia nchani, na pale bapa linapojipinda inua mkono kidogo. Usibonyeze kwa nguvu. Endelea upande huo mmoja mpaka usikie, kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kijinyuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili. Kidole kisipite kamwe kwa kufuata urefu wa makali. Kijinyuzi hicho ndicho ushahidi kwamba jiwe limefika kwenye makali. Wanaoacha kunoa kabla ya kukisikia ndio wasemao kwamba jiwe lao ni bovu. Geuza, ufanye vivyo hivyo upande wa pili, kisha pitisha upande huu na ule kwa mkono mwepesi zaidi na zaidi. Maliza kwa kukiburuta kinyumenyume juu ya ukanda wa zamani wa ngozi, mara kumi kila upande.

Mwisho osha kisu, toa unga uliobaki kwenye maungio, utie tone la mafuta. Jaribu makali kwa kukata karatasi ya gazeti hili, ukisha kulisoma. Ikikatika bila kuchanika, kazi imekwisha.

KINOO NI MALI YA NYUMBA

Kisu butu kina gharama zaidi ya ile ya dukani. Kinamjeruhi mpishi, kwa sababu anayekitumia hulazimika kubonyeza, na kinachobonyezwa huteleza. Kinamtesa mnyama, mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake vema ili ampunguzie mnyama maumivu, na hata asiye Mwislamu ataona haki iliyomo katika agizo hilo. Tena kinawanyima watoto elimu ambayo haimo katika mtaala wa shule. Mtoto wa miaka kumi au zaidi, akiwa chini ya jicho la mzazi, anaweza kuketi na kujifunza pembe, uzito wa mkono na subira. Atajifunza pia kukiheshimu kisu, maana mtu hakichezei kitu alichokihangaikia.

Tazameni zawadi zetu za harusi. Tunapeleka sufuria, sahani, na seti za visu sita ndani ya boksi lenye dirisha la nailoni. Bibi arusi hupokea visu sita vyenye makali ya miezi mitatu. Sijapata kumwona mtu aliyepeleka kinoo, ilhali bei yake yaweza kuwa ndogo kuliko ya seti hiyo, na maisha yake ni marefu kuliko ya visu vyote vilivyomo. Safari ijayo, ndugu msomaji, utakapoalikwa, punguza visu vitano. Peleka kisu kimoja cha chuma chema na jiwe moja lililonyooka, lenye chembe za usawa, lililokwisha kukwaruza chupa mbele ya macho yako. Kisha, kabla ya kuaga, waombe maarusi bakuli la maji uwaonyeshe namna linavyotumika.